Jembe la Marietha Mtaroni

Binti wa fomu alifika kwa Mzee Hezekia saa nne asubuhi, ukungu bado umelala juu ya msitu wa Magamba. Jina lake Ilham. Alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na bado alikuwa anatetemeka, maana alitoka Tanga mjini, na yeye na baridi ya Lushoto walikuwa hawajazoeana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa hapo juani. Jua lenyewe ndilo hilo."

Binti akakaa kwenye kigoda, akatoa kalamu. Ofisi ya maji ndiyo iliyomtuma. Kule bondeni, chini ya mji, yalikuwa yanachimbwa mabwawa ya kusafishia majitaka. Serikali ilikwishatoa fungu lake. Lakini bomba kubwa la kutoka kitongoji cha Kwemkole mpaka kwenye mabwawa, na gharama ya kuyaendesha kila mwezi, vilikuwa mzigo wa wananchi. Kabla mzigo haujagawanywa, ofisi ilitaka kujua kila nyumba inatoa nini na inakitoa wapi.

"Nyumbani mko wangapi, babu?"

"Wawili."

Ilham akatazama kanga iliyoanikwa kambani. Akaandika wawili.

"Choo ni cha shimo au cha maji?"

"Cha maji. Cha ndani."

"Na maji yake yanaishia wapi? Kwenye karo, au yanatoka mtaroni?"

Mzee Hezekia alitazama mikono yake. Mikono mikubwa, kucha nene kama za kobe.

"Karo," akasema.

Hakujua kuandika. Binti akamshika dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, akalipiga chini ya karatasi. Akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Mzee alibaki anakitazama kidole. Aliulizwa mambo mawili, na yote mawili alidanganya. Mkewe Marietha alikuwa kaburini, huu mwaka wa pili. Kanga ile aliifua mwenyewe kila Jumatatu, akaianika. Na karo halikuwepo.

Hilo la karo ndilo lilikuwa la ajabu, kwa kuwa huyu ndiye aliyechimba makaro ya nusu ya mji. Alishuka kutoka Vuga akiwa kijana, na sururu ya kuazima, akafuata watu waliokuwa wakijenga nyumba za mabati. Kila nyumba ilitaka shimo. Vijana wenzake walikimbilia ualimu, wengine mashamba ya chai. Yeye alishuka ardhini. Miaka arobaini na mitatu alishuka ardhini asubuhi, akapanda jioni.

Mzee aliyemfundisha kazi alimpa neno moja siku ya kwanza. "Shimo lina mdomo. Wewe usiwe nao." Maana mchimba choo huingia uani kwa watu. Anaona wanachokula na wanachoficha. Akitoka pale akaanza kusema, kesho haitwi tena. Hezekia alilishika neno hilo. Na kwa kuwa hata bila kazi hakuwa msemaji, halikumsumbua.

Alijua mengi. Alijua nani ana karo la futi kumi na tano, na nani ana la futi sita lililofunikwa kwa zege zuri ili lionekane refu. Alijua nyumba ambazo mwenye nyumba alimfuata jioni, kazi imekwisha, akamwambia kwa sauti ya chini, "Sasa fundi, tuwekee na kabomba kembamba pembeni. Karo likijaa, lipate kupumua." Kabomba kembamba lilikuwa bomba la inchi nne, likapita chini ya ukuta, likatokea mtaroni kwenye majani. Aliweka. Alilipwa. Alinyamaza.

Watoto wa mtaa walimwita Mzee Shimo. Siku moja Marietha aliwasikia, akatoka na mwiko wa ugali mkononi. "Huyo Mzee Shimo anajua kwenu kunanukaje," akawaambia. "Mkitaka aseme, endeleeni." Wakatawanyika, na mama zao waliokuwa wakicheka nyuma ya madirisha wakafunga madirisha.

Marietha hakumruhusu aingie ndani na kazi yake. Kila jioni alimwekea beseni la maji ya moto nyuma ya nyumba, majani ya mkaratusi yakielea juu. Mikaratusi yenyewe aliipanda yeye, minne, mwaka alipomzaa Yusta, binti yao, ambaye sasa ameolewa Korogwe. "Ukioga hapo," alikuwa anasema, "unakuwa mume wangu. Kabla ya hapo wewe ni fundi wa watu."

Halafu akapooza. Upande wa kushoto wote. Choo chao kilikuwa cha shimo, nje, kwenye mteremko, na mvua za Lushoto mnazijua. Hezekia alimbeba mgongoni mara mbili, tatu kwa siku, wakateleza pamoja, wakaanguka pamoja, na siku moja wakiwa wamelala topeni Marietha alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Siku hiyo hiyo alianza kumjengea choo cha ndani. Alikimaliza kwa siku tisa. Akaweka sinki, akaweka bomba. Kilichobaki ni karo.

Akachukua sururu. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alichimba mpaka kiunoni, akakuta mwamba. Zamani mwamba kama ule angeuchokoa kwa mtarimbo kutwa nzima huku akiimba wimbo wa kanisani. Safari hii mtarimbo ulimtoka mikononi, akakaa chini, hakuweza kunyanyuka hadi jirani alipopita. Akafukia. Akalipeleka bomba mtaroni. Alijiambia ni la wiki mbili tu, apate nguvu.

Wiki mbili zikawa mwaka. Marietha akafa. Bomba likabaki.

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi, kwenye ghala la mboga, watu wamekaa juu ya matenga yaliyopinduliwa. Ofisa wa maji aliitwa Aron, mtu wa Dodoma, mpole, mwenye miwani. Alileta fomu zote ndani ya mfuko.

"Ndugu zangu, mzigo una vipande viwili," akasema. "Cha kwanza ni bomba kuu na chemba zake. Cha pili ni kuendesha mabwawa. Tunavyofanya ni hivi: anayechafua zaidi abebe zaidi. Mwenye choo cha shimo, au karo zima, hahitaji bomba leo. Atalipia gari likija kunyonya, basi. Lakini anayetiririsha mtaroni, huyo ndiye bomba linamjia. Kwa hiyo bomba ni lake, kwa kadiri mita yake ya maji inavyosoma. Tunaelewana?"

Wakaitikia kwamba wanaelewana.

"Sasa nimesoma fomu zenu. Kwemkole ina nyumba tisini na nne. Wanaotiririsha mtaroni ni..." akaangalia karatasi, ingawa hakuhitaji, "hakuna."

Nje mtaro ulisikika, na ulinuka pia, maana upepo ulikuwa unatoka huko.

"Basi huo mtaro unajinyea wenyewe," alisema Twaha mchinja nyama, na ghala lote likacheka, hata waliokuwa na sababu ya kutocheka.

Aron naye alitabasamu, kisha akavua miwani. "Mimi siwezi kumtwisha mtu aliyeniandikia karo. Kama hakuna anayechafua, mzigo unagawanywa sawa kwa sawa. Kila nyumba laki moja na themanini za bomba. Halafu elfu nane kila mwezi."

Beatha alisimama. Alikuwa mjane, nyumba yake ya chumba kimoja iko chini kabisa, mtaro unapokutana na kijito. Alikuwa na ngazi mbili za kabichi, matuta yaliyokatwa kwenye mteremko, pale kando, na hizo ndizo zilimlisha.

"Mwanangu," akamwambia Aron, "mimi nina choo cha shimo. Mita sina, nachota kwa jirani. Nitoe sawa na nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na nane?"

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa Silvano. Alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti, si kwenye tenga. Hakukasirika. Silvano hakuwa mtu wa kukasirika.

"Mama Beatha, maendeleo ni ya wote. Harufu ikiondoka, si hata wewe utaacha kuinusa?"

"Nitaacha kunusa ya kwako."

Watu wakapiga makofi. Silvano akacheka nao.

"Fomu yangu inasema karo," akasema. "Hamniamini, mwulizeni aliyelichimba. Yule pale." Akageuka. "Mzee Hezekia, baba yangu, si ulinichimbia karo?"

Wote wakageuka. Mzee Hezekia alikuwa nyuma, karibu na mlango.

"Nilikuchimbia," akasema.

Ilikuwa kweli. Alimchimbia karo la kutosha vyumba viwili. Na siku ya mwisho aliweka bomba pembeni, wala si la inchi nne, la inchi sita. Hilo hakuulizwa, hakulisema. Beatha alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenziwe amalize kukohoa, aendelee na sentensi. Hezekia hakuendelea.

Wakakubaliana hivi: Jumamosi inayofuata watapita mtaro mzima pamoja na ofisa, kutoka juu mpaka chini, kupima njia ya bomba. Wakifika chini watatia saini mgawo wa sawa kwa sawa, na mambo yatakuwa yamekwisha.

*

Jumatatu Beatha alileta bakuli la makande, kama alivyoleta kila Jumatatu tangu msiba. Alimkuta mzee anakamua kanga.

"Onga mshi, Baba Yusta."

"Onga mshi."

Akaweka bakuli dirishani. Akakaa. Beatha ndiye aliyemwogesha Marietha miezi yote ile, kwa kuwa kuna mambo mgonjwa wa kike hamwachii mumewe. Alikuwa anapanda mlima asubuhi na mapema, anamwogesha, anamsuka nywele zilizobaki, anashuka kwenye kabichi zake.

"Nitauza ngazi moja," alisema Beatha. "Silvano anaitaka, aegeshe magari ya wageni. Ndiyo itatoa hiyo laki na themanini. Ya kila mwezi nitaijua mbele ya safari."

"Usiuze."

"Nitoe wapi, Baba Yusta?"

Hezekia aligeukia kamba. Alianika kanga, akanyoosha pindo.

"Wewe unajua," alisema Beatha.

"Najua."

"Unamjua kila mmoja."

"Najua, Beatha. Lakini nilikula pesa yao ninyamaze."

Beatha aliangalia chini ya dirisha la choo, pale bomba lilipoingia ardhini kana kwamba linaelekea kwenye karo.

"Na mimi najua moja," akasema. "Nilikuwa nikimaliza kumwogesha Marietha, namwaga maji, nateremka. Nikifika kwangu, nayakuta maji yamenitangulia. Povu la sabuni ile ile ya mche, niliyoikata kwa mkono wangu. Yanapita kwenye kabichi." Akainuka, akafunga kanga yake vizuri. "Sikusema. Maji yaliyomwogesha rafiki yangu, ningeyasemaje? Kula makande yasipoe."

Akaenda zake.

Mzee Hezekia hakula. Kumbe alijulikana. Muda wote ule alidhani yeye ndiye anayewafichia watu, na huku chini alikuwepo mwanamke anamfichia yeye, tena anapanda mlima kila wiki na bakuli.

Jumatano Silvano alikuja, na kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa karatasi.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimepita tu kukujulia hali."

"Marahaba."

"Nilikuwa namkumbuka mama. Siku ile ya mvua, tulivyomshusha hospitali na gari langu. Barabara ilikuwa imekatika, tukasukuma."

"Mara tatu," alisema Hezekia. "Ulimshusha mara tatu. Hukunidai mafuta."

"Ah, mzee! Mimi sikuja kukudai."

"Umekuja kunikumbusha."

Silvano alicheka, akampiga begani kidogo. "Fundi hasemi, mzee wangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Fundi hasemi," aliitikia Hezekia. "Sukari hiyo rudi nayo. Sinywi chai tamu siku hizi."

Na ilikuwa kweli kwamba Silvano alikuwa mtu mwema siku ile ya mvua. Hilo ndilo lilimsumbua mzee. Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa kazi rahisi.

Alhamisi na Ijumaa mzee aliwaza Vuga. Baba yake alikuwa mlinzi wa mfereji wa mashamba. Mfereji ule ulikuwa mrefu, wenye mashamba ya juu na ya chini, na siku zote wa juu walikuwa na hila ya kutoboa ukingo kwa siri, maji yaingie kwao. Wa chini wakaona maji yamekonda. Ilipofika siku ya kuusafisha, baba yake hakumuuliza mtu. Alitangaza tu kwamba keshokutwa tutaupita mfereji kutoka juu. Na kila aliyekuwa ametoboa, asubuhi hiyo alitangulia peke yake na kusimika jembe lake pale pale alipotoboa. Wapitaji wakifika, wakiona jembe, hawakuuliza. Mwenye jembe aliziba pale, akabeba kazi ya kipande kile, na neno likaishia hapo. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemkumbusha mwaka uliofuata. Lakini aliyelala akangoja kukutwa, huyo alitoa mbuzi, na jina lake likatajwa.

Kazi yote ya mfereji iligawanywa kwa majembe yaliyosimama. Baba yake hakujua kusoma, na mgawo haukuwahi kumshinda.

Hezekia alitafuta jembe ndani ya nyumba. Yeye hakuwa na jembe, alikuwa mtu wa sururu na beleshi. Lililokuwepo lilikuwa la Marietha, nyuma ya mlango wa jiko, mpini umelainika kwa viganja vyake. Udongo wa njegere za mwisho bado uliganda kwenye bapa. Hakuwa ameligusa tangu Marietha alipopooza.

*

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Watu walikusanyika juu, penye daraja la miguu, kama arobaini hivi, Aron mbele na futi yake ya kupimia, mwenyekiti wa kitongoji nyuma yake, Ilham na fomu zake na yale makoti mawili. Walishuka kufuata mtaro. Nyumba ya Mzee Hezekia ilikuwa ya sita.

Walimkuta amesimama ukingoni, kofia mkononi. Mbele yake, katikati ya majani, jembe lilikuwa limesimikwa, mpini juu. Alikwisha kuyafyeka majani. Bomba lilionekana.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Si karo. Nilimdanganya binti. Andika."

Aron hakuelewa. "Mzee, una maana gani? Na hili jembe?"

"Andika kwanza."

Ilham akapekua, akaitoa fomu yenye dole. Alimtazama mzee, akakata neno karo kwa mstari mmoja, taratibu, kama anayeogopa kuichana.

Twaha mchinja nyama alikuwa ameliangalia lile jembe muda wote. Mama yake alikuwa wa Vuga. Alikuna shingo.

"Ofisa," akasema, "tupumzike hapa kidogo. Robo saa."

"Kwa nini? Ndiyo kwanza tumeanza."

"Mguu wangu unauma."

"Uongo," alisema mtu nyuma.

"Basi unauma wa kwako. Tupumzike." Na Twaha akakata kona nyuma ya nyumba, anakimbia, mtu mzima na tumbo lake, kuelekea machinjioni.

Wazee wawili walinong'onezana. Mwanamke mmoja alimvuta mumewe shati. Mume akatikisa kichwa, akavutwa tena, wakaondoka pamoja. Mwenyekiti alijikohoza, akasema amesahau kitu nyumbani, na watu wakaguna, "Hata wewe!" Ukungu uliwameza mmoja mmoja. Mzee Hezekia hakumtazama hata mmoja anayeondoka. Alitazama jembe. Alikuwa anawajua wote tangu zamani, na sasa hakuhitaji kuwajua.

Aron alimsogelea. "Mzee, ni nini hiki?"

"Kwetu, kabla ya kupita mfereji, aliyeutoboa husimika jembe mwenyewe. Kazi hugawanywa hapo."

"Na asiyesimika?"

"Hutoa mbuzi."

Ofisa akavua miwani, akaifuta umande. Alikaa kwenye jiwe, akasubiri. Robo saa ikawa saa nzima. Hakulalamika.

Walipoendelea kushuka, walikuta majembe. La kwanza nyuma ya machinjio, na Twaha kando yake anahema, damu za ng'ombe zikichuruzika kutoka bomba pana kuliko la mzee. "Msinitazame hivyo," akasema. "Nimetangulia." Hakuna aliyecheka. Wakapita. Jembe la mwenyekiti. Jembe la yule mume na mkewe, limeshikwa na wote wawili. Pengine lilikuwepo jembe na mtu hayupo, kajifungia ndani kwa aibu, lakini jembe lake limesimama, na Ilham alikata mstari.

Kufika nyumba ya wageni majembe yalikuwa kumi na matatu.

Pale hapakuwa na jembe. Ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa mpya. Majani chini yake yalikuwa marefu, ya kijani kuliko majani yote ya mtaro. Maji yalisikika yakianguka ndani yake.

Silvano alikuwa katikati ya watu. Alikuwa ameshuka nao tangu juu, viatu vimejaa tope.

Aron alimtazama Mzee Hezekia, maana alikwishajua nani anajua. Mzee akavaa kofia, akatazama upande wa kijito. Neno la kwake alikuwa amelisema. La mtu mwingine halikuwa lake, hata sasa.

Wakangoja. Mtoto alilia ndani ya moja ya vile vyumba kumi na nane, mtu akavuta maji ya choo, na wote arobaini waliyasikia yakishuka ndani ya ukuta, yakapita chini ya miguu yao, yakatokea kwenye majani. Mwanamke mmoja alianza kukohoa ili asicheke.

Silvano akaingia kwa mlango wa nyuma. Walidhani ameondoka jumla. Kisha akatoka, na mkononi ana jembe jipya la dukani, karatasi ya kiwanda bado imebandikwa kwenye bapa. Mpini halina. Sijui alilinunua lini, wala kwa kazi gani. Akaliweka kwenye majani, likaanguka kifudifudi. Akalisimamisha, likaanguka tena.

"Mbuzi!" alipaza sauti Twaha kutoka nyuma. "Umengoja kukutwa! Mbuzi huyo!"

Hapo ndipo watu walipocheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na Silvano mwenyewe akaishia kucheka, ingawa masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mbuzi nitatoa," akasema. "Mchinjaji si yupo."

Mzee Hezekia akamwendea. Akaliinua lile bapa, akalichomeka ardhini kwa jiwe, likasimama.

"Karo nililichimba mimi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Na bomba mimi. Siku ya kuliunganisha niite. Najua linapopita."

Silvano akaitikia kwa kichwa.

Chini kabisa, penye kabichi, Beatha alikuwa anapalilia. Aron akamsalimu shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa ngazi, akapiga hesabu upya juu ya goti. Bomba kuu likagawanywa kwa majembe kumi na manne, kila moja kwa kadiri ya mita yake. Nyumba ya wageni ilichukua zaidi ya theluthi. Machinjio yakafuata. Na elfu nane za kila mwezi nazo zikavunjwa, zikafuata mita. Wenye vyoo vya shimo na makaro mazima wakabaki na gari la kunyonya.

"Kwa hiyo mimi?" aliuliza Beatha.

"Wewe mama, gari likija. Siku likija."

"Na kama shimo langu halijajaa?"

"Basi halijajaa."

Beatha akarudi kwenye kabichi zake. Aling'oa magugu mawili, matatu, kabla hajajifuta macho.

*

Fungu la Mzee Hezekia lilikuwa laki mbili na kumi. Yusta angetuma akiambiwa, lakini hakumwambia. Aliwaita wapasua mbao, akawauzia mikaratusi mitatu. Wa nne, ule ulio karibu na pale beseni lilipokuwa likiwekwa, aliwakataza kuugusa. Wakamwambia huo ndio ulionyooka kuliko yote, wangemwongezea bei. Akasema anajua umenyooka.

Ilham alirudi na fomu mpya. Safari hii alivaa koti moja.

"Babu, shikamoo. Ile ya zamani imejaa mistari, ofisi wanataka safi."

"Marahaba. Uliza."

"Maji yanaishia wapi?"

"Mtaroni. Mpaka bomba lifike."

Akaandika. "Nyumbani mko wangapi?"

Mzee alitazama kamba. Ilikuwa Jumatatu, na kanga ilikuwa kambani. Aliitazama hata binti akainua macho.

"Andika mmoja," akasema.

Ilham akaandika. Akafungua kibweta cha wino, lakini mzee alikuwa ameshainuka, anaelekea mlango wa nyuma, maana Beatha alikuwa amefika na bakuli. Alirudi na jembe la Marietha. Alikuwa amelitoa mtaroni jioni ya Jumamosi ile, akaliosha, na udongo wa njegere ukaenda na maji.

"Lako limekwisha makali," alimwambia Beatha. "Nililiona. Tumia hili."

"Nikurudishie lini?"

"Palilia kwanza."

Akakaa kwenye kigoda, akampa binti dole.